Debiti na krediti si data: uzi wa William McCarthy na wenzake walioishi kati ya uhasibu na mifumo

Leja_Kuu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kuna dhana imezoeleka humu kwamba mhasibu akianza kuongelea kanzidata (database) amepotea njia, na mtu wa IT akianza kuongelea mizania anatafuta kazi benki. Kijana akiuliza asome nini ili abaki na vyote viwili, majibu ni yale yale: chagua kimoja, usipoteze ada. Mimi nafundisha mifumo ya taarifa za kihesabu kwenye chuo kimoja hapa nchini, na leo nimewaletea kisa cha mtu aliyekataa kuchagua. Anaitwa William McCarthy, wa Michigan State University, Marekani. Mtaani hajulikani. Ila kaa na watafiti wa mifumo ya kihesabu, haipiti nusu saa jina lake halijatajwa.

Nianzie nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa alikuwa anagombana na nini.

Kompyuta ilipoingia kwenye biashara, kazi za kwanza kupewa zilikuwa za hesabu. Uingereza kulikuwa na kampuni ya migahawa ya chai, J. Lyons, iliyojitengenezea kompyuta yake yenyewe ikaiita LEO. Novemba 1951 ikaanza kuitumia kukokotoa thamani ya mikate na keki za viwanda vyake. Ndiyo, kompyuta ya wauza chai. Marekani, General Electric wakaweka mishahara ya kiwanda chao cha Louisville kwenye kompyuta ya UNIVAC mwaka 1954, na washauri waliosimamia kazi hiyo walitoka Arthur Andersen, yaani kampuni ya wakaguzi wa hesabu. Kwa hiyo wahasibu hawakuchelewa kufika, walikuwepo tangu siku ya kwanza. Shida ni walichofika nacho: waliibeba leja, daftari la akaunti, kama ilivyo, akaunti zake na kurasa zake, wakaiingiza kwenye mashine. Kilichofanywa kwa kalamu kikafanywa kwa kadi zenye matundu.

Mwaka 1969 msomi wa uhasibu, George Sorter, akaandika kwenye The Accounting Review kwamba wahasibu tunajumlisha mapema mno. Tukio linatokea, tunalikamua tupate kiasi cha pesa, mengine yote tunayatupa, halafu meneja akija na swali tunamwambia hilo halimo kwenye vitabu. Tutunze matukio yenyewe, kila mwenye swali ajumlishe anavyotaka. Sorter alikuwa kwenye kamati ya chama cha walimu wa uhasibu wa Marekani iliyotoa taarifa yake 1966, na kwa msimamo huo alibaki peke yake. Wazo lilikuwa zuri, lakini mwaka 1969 matukio yote hayo ungeyaweka wapi, na kwa mpangilio gani?

Mpangilio ulitoka upande ambao wahasibu hawakuwa wanautazama. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM akatoa makala ya kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana. Mwaka 1976 Peter Chen akatoa ile michoro ya visanduku na almasi ambayo kila aliyesoma kanzidata ameichora mpaka usiku wa manane. Hao wawili debiti na krediti, zile safu za kushoto na kulia za leja, hazikuwahusu.

McCarthy alikuwa anasoma uzamivu University of Massachusetts, akamaliza 1978. Alichofanya ni kuchukua chombo cha Chen akakipeleka kwenye swali la Sorter. Makala ya kwanza ikatoka 1979, iliyomjengea jina ikatoka 1982, zote kwenye The Accounting Review. Ya 1982 ndiyo iliyoleta REA, herufi za Kiingereza zinazosimamia rasilimali, matukio na wahusika.

Naenda kupata chakula, nikirudi naonyesha REA inafanyaje kazi kwa mfano wa duka.

Ngosha_IT

Nimeweka kiti hapa. Ila mkuu usije ukatuletea mambo ya kujaza majedwali tukadhani ni uvumbuzi.

Mpemba_wa_Ilala

Kichwa cha uzi kimenikera. Debiti na krediti si data? Zimeshika dunia tangu Pacioli aziandike kwenye kitabu chake. Mimi CPA, cheti cha uhasibu, nimeitolea jasho halafu unakuja kuniambia nilikuwa nakariri kitu kisichokuwepo.

Leja_Kuu

Nimerudi. Mpemba punguza presha, nakufikia.

Duka la vifaa vya ujenzi, tuseme liko Tunduma. Jumatatu fundi anachukua mifuko 50 ya simenti, 17,000 kila mmoja, jumla 850,000. Jumatano anatuma 500,000 kwa simu. Mhasibu wa duka anaandika:

Debiti wadaiwa 850,000, krediti mauzo 850,000.
Debiti fedha 500,000, krediti wadaiwa 500,000.

Mwisho wa mwezi urari umekaa, yaani pande mbili zinalingana, kila mtu anatabasamu. Sasa mwenye duka anauliza maswali ya kawaida kabisa. Nani aliitoa ile mifuko ghalani? Ile 500,000 ililipia simenti au yale mabati ya mwezi uliopita? Nani kaunta humpa huyu fundi mkopo kila mara? Leja haina majibu. Majibu yako kwenye kaunta buku la mtunza ghala, kwenye simu ya keshia na kichwani mwa kijana wa kaunta. Vitabu vinne vya tukio moja, havisemezani, na mwisho wa mwezi mtu analipwa mshahara kuvipatanisha.

McCarthy anasema andika kilichotokea, mara moja, mahali pamoja. Kuna rasilimali mbili: simenti na fedha. Kuna matukio mawili: mauzo ya Jumatatu na mapokezi ya fedha ya Jumatano. Kuna wahusika: fundi upande wa nje, muuzaji, mtunza ghala na keshia upande wa ndani. Tukio la mauzo linapunguza simenti, tukio la mapokezi linaongeza fedha, na matukio hayo mawili yanafungwa pamoja kwa sababu moja lipo kwa ajili ya lingine. Duka limetoa ili lipokee.

Sasa deni la fundi liko wapi? Halijaandikwa popote, na hapo ndipo watu huanza kukuna kichwa. Ukitaka kulijua unauliza mfumo: mauzo kwake ukitoa mapokezi yanayohusiana nayo. Unapata 350,000. Wadaiwa wote wa duka, uliza hivyo hivyo kwa wateja wote. Mapato ya mwezi, uliza. Mizania unaiuliza, huitunzi. Debiti na krediti zinabaki kama namna ya kuwasomea watu majibu, na ukitaka zichapishwe zitachapishwa. Hiyo ndiyo maana ya kichwa cha uzi.

Ngosha_IT

Kama nilivyosema. Hii ni kanuni ya kawaida tu kwamba usihifadhi kinachoweza kukokotolewa. Mwaka wa pili wa kompyuta tunafundishwa.

Leja_Kuu

Unafundishwa leo. Halafu kanuni hiyo haikwambii ni matukio yapi ya biashara yanakwenda wawili wawili, wala haikwambii kwamba ukiona tukio linalotoa rasilimali ukakosa linaloingiza, ama kuna deni ama kuna wizi. Hilo McCarthy hakulipata kwa Chen. Alilitoa kwa mhasibu, Yuji Ijiri, ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa anaeleza kwamba roho ya uhasibu wa pande mbili ni kule kuongezeka na kupungua kunakosababishana, safu mbili za kitabu ni mavazi. Mtu wa kompyuta peke yake angechora majedwali safi kabisa yasiyojua biashara ni nini. Nimeona mifumo ya hivyo na wewe umeiona, usijifanye.

Mpemba, sasa wewe. Pacioli alichapisha kitabu chake Venice mwaka 1494, na alichokieleza wafanyabiashara wa pale walikuwa wanakitumia tayari. Kwenye karatasi, kuandika kila kiasi mara mbili ni kinga: ukikosea kujumlisha, pande hazilingani, unarudi kutafuta. Kinga nzuri sana. Ila mashine haikosei kujumlisha, na mwizi anayejua kazi yake anaandika pande zote mbili zikalingana. McCarthy hasemi ubadilishanaji hauna pande mbili, ndiyo kwanza anaufanya uti wa mgongo. Anachokataa ni kwamba safu mbili za daftari ndiyo namna ya kuuhifadhi.

Mpemba_wa_Ilala

Sawa, hapo kwenye mwizi umenipata. Lakini nina swali la uchakavu, nitakuja nalo.

Bi_Vocha

Wanangu, mimi nimekagua hesabu tangu enzi za vocha za karatasi ya kaboni, nimestaafu, niacheni niseme neno.

Hilo la mwizi anayelinganisha pande mbili sisi tulilisoma kwa kesi ya Equity Funding. Kampuni ya bima ya Marekani, iliripuka mwaka 1973. Walitengeneza makumi ya maelfu ya hati za bima za watu wasiokuwepo, wakaziweka kwenye kompyuta, wakaziuza kwa kampuni nyingine za bima. Vitabu vilikuwa vinalingana vizuri tu. Wakaguzi wa zama zile wengi walikuwa na tabia ya kuizunguka kompyuta: unaangalia kilichoingia, unaangalia kilichotoka, katikati hugusi. Baada ya kesi ile ukaguzi wa ndani ya mashine ukaacha kuwa mchezo wa vijana. Chama cha wakaguzi wa kompyuta kilikuwa kimeshaanzishwa Marekani mwaka 1969, ndicho leo kinaitwa ISACA, na cheti chao cha CISA kikaanza 1978.

Sasa angalieni kwetu. Mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilipoanza Tanzania mwaka 2010 tuliambiwa ni mambo ya kodi. Mimi nikaona zaidi ya kodi. Mamlaka imeanza kupokea matukio ya mauzo, moja moja, yana saa na namba ya muuzaji. Zamani ilikuwa inapokea jumla tu ambayo mwenye duka amejikokotolea jikoni kwake. Kenya nao wana eTIMS, mfumo wao wa ankara za kodi. Ukisoma anachosema Mwalimu hapo juu kuhusu Sorter, ni jambo lile lile, limekuja na sheria ya kodi badala ya kuja na nadharia.

Leja_Kuu

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo umenisaidia kazi kubwa. Naongezea meseji ya M-Pesa. Ina namba ya muamala, saa, kiasi, aliyetuma, aliyepokea. Rasilimali ipo, tukio lipo, wahusika wawili wapo. Kinachokosekana ni upande wa pili: hela imetoka kwa ajili ya nini? Meseji inakwambia Asha amepokea 40,000, haikwambii ametoa kitenge au kuku wanne. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye meseji elfu kwenye simu bado hana hesabu. Nikipata mwanafunzi wa uzamili mwenye moyo, hilo peke yake nampa.

Kamau_wa_Rongai

Wazee hamjambo. Nafuatilia kutoka Nairobi. Mimi niko hapo hapo kwa hiyo njia panda. Nilipeleka pendekezo la uzamivu idara ya uhasibu, wakaniambia hii ni ya kompyuta. Nikapeleka kompyuta, jamaa akaniuliza algoriti iko wapi. Nimezungushwa karibu mwaka. McCarthy na hao wengine walipita wapi? Ama huko kwao milango ni mipana?

Leja_Kuu

Kamau pole ndugu yangu, na swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Milango haikuwa mipana hata kidogo. Kilichokuwepo ni mtu mmoja mmoja aliyeamua kuujenga. Mfano mkubwa kwangu ni Gordon Davis wa University of Minnesota. Wengi wa fani ya mifumo ya taarifa humuita baba wa fani, lakini hawajui kwamba huyu bwana ni mhasibu. Ana CPA na uzamivu wa Stanford. Alipofika Minnesota alikuwa anafundisha uhasibu, na mwaka 1968 alitoa kitabu cha ukaguzi na kompyuta kupitia chama cha wahasibu wa Marekani. Miaka hiyo hiyo yeye na wenzake wakaanzisha programu ya mifumo ya taarifa za menejimenti pale chuoni, pamoja na uzamivu wake. Mwaka 1974 kikatoka kitabu chake cha misingi ya fani hiyo. Kisha 1977 jarida la MIS Quarterly likazaliwa pale pale Minnesota. Tuzo ya juu ya fani hiyo leo inaitwa LEO, kwa heshima ya ile kompyuta ya wauza chai, na Davis ni kati ya waliopewa mwanzo kabisa.

Huyo alihamisha makazi: alitoka uhasibu akajenga nyumba mpya. McCarthy alibaki ndani ya idara ya uhasibu, akawa anachapisha kwenye jarida la wahasibu mambo ambayo wahasibu wengi hawakuyataka. Na hilo si jambo dogo. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 uhasibu wa Marekani ulikuwa umegeukia bei za hisa na takwimu, ukileta michoro ya kanzidata unaonekana umeleta kitu cha mafundi. Kaa ukijua kwamba ukichagua njia yake utaishi na wenzako wa ofisini wasiosoma ulichoandika.

Wa tatu ni Ron Weber, Mwaustralia wa Queensland. Alikwenda kusoma Minnesota akapata uzamivu 1977, akarudi kwao akatoa kitabu kikubwa cha ukaguzi wa mifumo mwaka 1982, kisha akaungana na Yair Wand kuchimba chini zaidi: wakachukua falsafa ya Mario Bunge wakaitumia kuuliza mchoro wa mfumo unawakilisha dunia vizuri kiasi gani. Mhasibu anayesoma falsafa ya vitu vilivyopo! Na bado aliwahi kuwa mhariri mkuu wa MIS Quarterly. Halafu yuko Miklos Vasarhelyi wa Rutgers. Huyu alikwenda Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu ya AT&T, na mwaka 1991 yeye na Fern Halper wakachapisha kazi ya mfumo unaokagua bili za simu muda wote zinapotengenezwa, bila kusubiri mwisho wa mwaka. Leo kila kampuni ya ukaguzi inauza hiyo huduma kama imeigundua jana.

Sasa angalia wote wanne. Hakuna hata mmoja aliyeandika pendekezo linaloitwa "athari za TEHAMA kwenye utendaji wa kifedha". Hapo najua nitachukiwa. Hizo dodoso tunazogawa kwa wahasibu wa halmashauri, "je, mfumo umeboresha kazi yako, 1 mpaka 5", si daraja kati ya fani mbili. Umekaa nje ya zote mbili, unauliza watu wanajisikiaje. McCarthy aliingia ndani ya leja, Vasarhelyi aliingia ndani ya bili.

Ngosha_IT

Hahaha hapo kwenye dodoso umeua nusu ya tasnifu za nchi hii.

Kamau_wa_Rongai

Yangu pia ilikuwa na dodoso. Endelea tu mwalimu, nimemeza.

Mhitimu_Aliyechoka

Kwa heshima zote mkuu, ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshaajiriwa. Chuo ninachojitolea mimi kupanda cheo kunahesabiwa idadi ya pepa. Dodoso inatoka miezi minne. Ukianza kujenga mfumo na kuuthibitisha ni miaka, na jarida la uhasibu likikurudishia huna pa kupeleka. Wewe unamshauri kijana awe McCarthy wakati mkuu wa idara anataka orodha mwezi wa sita.

Leja_Kuu

Hoja yako ina uzito, sitaipunguza. Ninachoweza kusema ni kwamba pa kupeleka siku hizi papo. Journal of Information Systems ya chama cha walimu wa uhasibu wa Marekani ipo tangu 1986, na International Journal of Accounting Information Systems ipo tangu 2000. McCarthy alipoandika 1979 hakuna hata moja iliyokuwepo, ndiyo maana ilibidi apite kwenye mlango mkuu. Lakini la mwezi wa sita huna budi kulitekeleza. Andika ya mwezi wa sita, usikubali tu iwe ndiyo fani yako.

Msimbo_wa_Kigamboni

Nafunga mifumo ya SAP, programu za kuendesha biashara na hesabu zake, kwenye makampuni, miaka kadhaa sasa. Nimesoma uzi wote nikawa natikisa kichwa. Mnaongea kama REA imeshinda. Dunia ninayoiona mimi ina debiti na krediti kila kona. SAP ilianzishwa 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM Ujerumani, hawakumsubiri Sorter wala McCarthy, na ndiyo inayoendesha makampuni makubwa. Nadharia ya kwenye jarida ni tamu, soko lilikwenda kwake.

Leja_Kuu

Afadhali umekuja, nilikuwa namsubiri mtu kama wewe. Nijibu hili kwanza: kwenye S/4HANA, lile toleo jipya la SAP, mlifanya nini na majedwali ya jumla?

Msimbo_wa_Kigamboni

Yaliondolewa. Tangu 2015 kila mstari wa muamala unakaa jedwali moja, ACDOCA, hesabu za fedha na za gharama pamoja. Zamani fedha walikuwa na majedwali yao, gharama yao, mwisho wa mwezi tunapatanisha mpaka usiku. Sasa jumla inakokotolewa pale pale unapouliza kwa sababu data yote iko kwenye kumbukumbu ya haraka.

Naona unakonipeleka.

Lakini sikubali mpaka mwisho. Mstari wa ACDOCA bado una alama ya debiti au krediti na namba ya akaunti. Hiyo si REA, ni leja yenye maelezo mengi. Walifika nusu ya njia ya Sorter kwa sababu mashine zilipata kasi, McCarthy wala hawakumhitaji.

Leja_Kuu

Hapo tumekubaliana zaidi ya unavyodhani. "Nusu ya njia ya Sorter" naomba niibe nikaitumie darasani.

Weber alishauliza swali lako hilo hilo mwaka 1986. Badala ya kubishana alichukua programu zilizokuwa zinauzwa kwa wafanyabiashara wa jumla akazifungua aone ndani kuna nini, akachapisha kwenye The Accounting Review. Akakuta mambo makubwa ya REA yamo, waundaji wameyafikia wenyewe kwa kuifuata biashara ilivyo. Ila maelezo ya ngazi ya chini, yale ambayo fundi kama wewe hupambana nayo, nadharia ilikuwa haiyaelezi. Kwangu hiyo ni kati ya makala bora za kuigwa: kuna dai, kuna vitu halisi sokoni, nenda katazame. Haina dodoso, na mtu wa Dar mwenye programu tano za maduka zinazouzwa Kariakoo anaweza kuirudia kesho.

REA yenyewe ilipata njia nyingine. Guido Geerts alijiunga na McCarthy wakaipanua: wakaongeza ahadi, yaani oda na mikataba ambayo bado haijawa tukio, na sera za nini kiruhusiwe. Mwaka 2007 ikatoka ISO/IEC 15944-4, kiwango cha kimataifa cha miamala ya biashara, na msingi wake ni REA. Si kitu cha kuuza kama SAP, ni kiwango. Anayekijua ni fundi wa mifumo ya kubadilishana data kati ya makampuni.

Mpemba_wa_Ilala

Nimerudi na uchakavu wangu kama nilivyoahidi. Lori la kampuni limenunuliwa milioni 120. Kila mwaka napunguza thamani yake vitabuni. Tukio ni lipi? Nani amempa nani nini? Desemba 31 saa sita usiku hakuna kilichotokea, lori limelala karakana. Kama mfumo wako unatunza matukio tu, uchakavu unauweka wapi?

Bi_Vocha

Swali la mkaguzi hilo. Na deni lisilolipika pia.

Leja_Kuu

Mpemba umegonga mahali penyewe. Jibu la REA ni kwamba tukio lipo, ila mhasibu hulitazami. Lori linachakaa linapotembea. Kila safari ni tukio la ndani: linapunguza rasilimali inayoitwa lori na kuongeza huduma ya usafirishaji inayokwenda kwa mteja. Ukiandika safari, kilomita na dereva, unao uchakavu wa kweli. Ile namba ya Desemba ni makadirio tuliyoyabuni kwa sababu hatukuandika safari.

Hiyo kwa lori inakubalika. Kwa jengo ni ngumu, nani ataandika tukio la ukuta kuzeeka? Hapo McCarthy mwenyewe alikuwa muungwana: makala ya 1982 inakubali kwamba si kila kitu kitafuata modeli mpaka mwisho, mbunifu ataamua akomee wapi kulingana na gharama. Deni lisilolipika la Bi Mkubwa ni gumu zaidi, maana ni maoni kuhusu tukio ambalo huenda lisitokee. Jibu linaloniridhisha sijaliona. Wanaosema ni sera iliyowekwa juu ya matukio wana hoja, lakini ukiuliza sera hiyo imetoka wapi unarudi kwa mhasibu na kalamu yake.

Mpemba_wa_Ilala

Kwa hiyo bado nina kazi.

Leja_Kuu

Unayo, na haijapungua.

Kamau_wa_Rongai

Nimekuwa nikifikiria tangu jana. Nyumbani mama yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama, wako 30. Wanachanga, wanakopeshana, kuna faini za kuchelewa, kuna michango ya msiba. Kitabu chao kimeandikwa kwa matukio, hakuna debiti hata moja, na mwisho wa mwaka wanagawana bila ugomvi. Nikijaribu kuchora kwa REA mchango wa msiba unanishinda. Hela imetoka, hakuna iliyoingia. Jozi yake iko wapi?

Bi_Vocha

Jozi yake ni kwamba na wewe ukifiwa watakuja. Mkaguzi yeyote mwenye akili anajua.

Msimbo_wa_Kigamboni

Hiyo ni ahadi, si tukio. Kwenye ule upanuzi wa Geerts ina mahali pake.

Leja_Kuu

Si ahadi ya kawaida Msimbo, haina kiasi, haina tarehe, na anayedaiwa ni kikundi kizima. Kamau, achana na pendekezo lililokuzungusha mwaka mzima. Omba ruhusa kwa mama na wenzake, chukua kile kitabu chao cha miaka kadhaa, chora kila aina ya tukio, na orodhesha yale yanayokataa kupata jozi. Ukifika idara ya uhasibu anza na kitabu, ukifika ya kompyuta anza na mchoro. Nitumie rasimu kwenye PM kabla hujaipeleka popote.

Kamau_wa_Rongai

Nimepata. Faini ya kuchelewa niiweke kama tukio la kupokea fedha bila kutoa kitu, au muda wenyewe ni rasilimali?

Mpemba_wa_Ilala

Ndiyo hayo sasa. Ngoja nichukue kalamu.